Kisaidizi cha Madirisha Kinapogoma: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Kompyuta

Mtu afanyaye kazi yake mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi alasiri hana budi kufungua madirisha mengi kwa wakati mmoja: karani wa hesabu ana vitabu vinne vya Excel, ukurasa wa benki, barua pepe na kikokotoo, mwandishi ana makala yake, kamusi, na kurasa za utafiti ambazo huzidi saa baada ya saa. Kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine ni tendo ambalo mkono hulitenda bila akili kuwa na habari nalo, na kwa kuwa ni tendo la mazoea, hitilafu yake ndogo huleta adha kubwa kuliko hitilafu ya jambo zito litendwalo mara moja kwa mwezi. Ndiyo sababu watu wengi, wakiona kwamba njia waliyopewa na mfumo haiwatoshi, hutafuta kisaidizi, yaani programu ndogo ya nyongeza ishikayo mahali pa vitufe vya Alt na Tab na kuleta orodha yake yenyewe ya madirisha. Na ndiyo sababu vilevile malalamiko juu ya visaidizi hivyo hayaishi.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa yule ambaye tayari anacho kisaidizi cha namna hiyo nacho kimeanza kumsumbua, na kwa yule aliyeazimia kukiweka akitaka kujua mapema taabu atakazokutana nazo. Hoja yake ni moja: kisaidizi hiki, ingawa ni kidogo kwa umbo, huomba mamlaka makubwa katika kompyuta, nao watengenezaji wa mifumo wamekuwa wakiyapunguza mamlaka hayo toleo baada ya toleo kwa ajili ya usalama wa watumiaji. Kwa hiyo matatizo mengi hayatokani na ubovu wa programu, bali hutokea pale matakwa ya aliyeitengeneza yanapogota kwenye ukomo uliowekwa na mwenye mfumo. Atakayeujua ukomo huo atajua lipi latibika, na lipi ni la kuachwa kama lilivyo.

Ulichonacho tayari

Kabla ya kukilaumu kisaidizi ulichonacho au kutafuta kingine, yafahamu kwanza yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe, maana wengi waliokwenda kutafuta nyongeza walikuwa na haja ambayo mfumo ulikwisha kuitimiza pasipo wao kujua. Katika Windows 95, Alt na Tab vilileta safu ya ikoni bila picha za madirisha, na mwenye madirisha matano ya programu moja aliona alama tano zisizotofautiana. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, Microsoft wenyewe walitoa katika mkusanyo wao wa PowerToys kisaidizi kilichoonyesha picha ya dirisha pamoja na ikoni yake. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, iliziingiza picha hizo ndani ya mfumo, ikaongeza na Flip 3D, namna ya kuyapanga madirisha kimshazari, moja nyuma ya jingine, ambayo iliondolewa katika Windows 8 mwaka 2012. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaleta Task View, ifunguliwayo kwa kitufe cha Windows pamoja na Tab, na ikaleta pia maeneo mengi ya kazi ambayo mtu aweza kuyagawia madirisha yake.

Fauka ya hayo, viko vitufe ambavyo watu wachache huvikumbuka. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Tab kwa pamoja, orodha hubaki juu ya kioo hata baada ya kuviachia, ukaweza kuchagua kwa utulivu kwa vitufe vya mishale; jambo hili ni faraja kwa mwenye vidole vyenye maumivu. Alt na Esc hukupitisha dirisha kwa dirisha bila kuleta orodha yoyote. Kitufe cha Windows pamoja na namba, tangu 1 hadi 9, hukupeleka moja kwa moja kwenye programu iliyopangwa katika nafasi hiyo kwenye utepe wa chini ya kioo, na kwa mtu mwenye programu chache azitumiazo kila siku njia hii ni nyepesi kuliko kisaidizi chochote.

Aidha, lalamiko moja lililoenea sana dawa yake ni mpangilio wa mfumo tu. Tangu sasisho la Oktoba 2020 la Windows 10, kurasa zilizofunguliwa ndani ya kivinjari cha Edge huweza kuingia katika orodha ya Alt na Tab kana kwamba kila ukurasa ni dirisha, na mtu aliyezoea orodha fupi hujiona amepotea. Fungua Settings, uingie System, kisha Multitasking, uchague orodha ionyeshe madirisha peke yake. Hapohapo utakuta pia mahali pa kuamua kama orodha itaje madirisha ya eneo la kazi ulilopo tu au ya maeneo yote, na mpangilio huu ndio unaowafanya wengi wadhani dirisha lao limetoweka, ilhali limekaa salama katika eneo jingine.

Kazi tatu za kisaidizi

Ikiwa umeyajaribu hayo na bado unakihitaji kisaidizi, basi elewa kwamba programu ya namna hii, iwe ya bure au ya kununua, iwe ya Windows, Mac au Linux, ina kazi tatu tu. Kwanza, hunasa vitufe kabla mfumo haujavipokea. Pili, hukusanya orodha ya madirisha yaliyo wazi, pamoja na majina, ikoni na picha zake. Tatu, hulileta mbele dirisha ulilolichagua na kuikabidhi kibodi kwake. Kila tatizo utakalolipata huangukia katika mojawapo ya kazi hizi, na aliyejua ni ipi iliyoharibika amekwisha kupata nusu ya dawa. Anayesema tu kwamba programu yake haifanyi kazi atazunguka kwa siku nyingi akifuta na kuweka upya, na aghalabu atarudi palepale alipoanzia.

Kitufe kisiponaswa

Dalili ya kwanza ni kwamba unabonyeza Alt na Tab, na badala ya orodha ya kisaidizi chako inatokea ile ya mfumo. Ikiwa jambo hili hutokea pindi dirisha fulani liwapo mbele, mathalan Task Manager au programu yoyote iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, na likatoweka mara unapohamia dirisha jingine, basi sababu yake ni dhahiri. Tangu Windows Vista, programu yenye mamlaka madogo hairuhusiwi kusikiliza wala kuamrisha programu yenye mamlaka makubwa, ili programu ya hila isije ikajifanya mkono wa mtumiaji na kubonyeza vitufe vya idhini kwa niaba yake. Kisaidizi chako kimekuwa kiziwi kwa amri ya mfumo, na kwa sababu hiyohiyo hakiwezi kulifunga dirisha la namna hiyo kutoka katika orodha yake.

Wako wanaoshauri kisaidizi nacho kiendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi. Ushauri huo hufaulu, lakini una gharama: umeipa uwezo wa kutenda lolote katika kompyuta programu ambayo kazi yake ni kupokea kila kitufe unachobonyeza. Kama hukijui vema kisaidizi hicho na aliyekitengeneza, ni afadhali kukubali kutumia orodha ya mfumo kwa madirisha hayo machache.

Dalili ya pili ni kwamba kisaidizi kilifanya kazi asubuhi yote, kisha kikanyamaza ghafula bila tangazo lolote, huku ikoni yake ikiwa bado ipo karibu na saa. Hapa tazama uzito wa kompyuta. Windows humpa kila anayenasa vitufe muda mfupi wa kujibu, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10 muda huo hauwezi kuzidi milisekunde 1000; anayechelewa huweza kuondolewa kimyakimya katika njia ya vitufe, wala hapewi habari. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, ikiwa na kivinjari chenye kurasa nyingi, ikielemewa kidogo tu, kisaidizi huchelewa, na mfumo hukitoa. Dawa ya papo hapo ni kukizima kabisa na kukiwasha upya. Dawa ya kudumu ni kukipunguzia mzigo, yaani kuondoa picha kubwa za madirisha na madoido ya mwendo katika mipangilio yake, na kufunga programu usizozihitaji.

Dalili ya tatu huwatisha wengi: baada ya kuhama dirisha, kila herufi unayoandika inafungua menyu au kufanya jambo usilolitaka. Mara nyingi hii hutokana na kisaidizi kuipokea habari kwamba umeiachia Alt bila kuipitisha mbele, na mfumo ukabaki ukidhani kitufe hicho kingali kimebanwa. Usizime kompyuta. Bonyeza na uachie Alt ya kushoto, kisha ya kulia, ufanye vivyo hivyo kwa Ctrl na kitufe cha Windows, na aghalabu mambo yatatengemaa.

Mwisho, angalia kama wapo wawili wanaogombea kitufe kimoja. Visaidizi viwili vikiwashwa pamoja, au kisaidizi kikikutana na programu ya kubadilisha maana ya vitufe, au na skripti ya AutoHotkey aliyoiacha mtu aliyeitumia kompyuta kabla yako, mshindi huwa yule aliyetangulia au aliyechelewa kuwashwa, na kwa hiyo matokeo hutofautiana leo na kesho. Mwenye kufanya kazi katika kompyuta ya mbali kupitia Remote Desktop naye hukuta kwamba kisaidizi cha hapa hunyakua Alt na Tab alizokusudia ziende kule; huyo atumie Alt na Page Up, ambazo ndizo zilizotengwa kwa kazi hiyo ndani ya dirisha la kompyuta ya mbali.

Orodha isiyo ya kweli

Kazi ya pili, ya kukusanya orodha, huonekana sahali, walakini ndiyo yenye mitego mingi, kwa kuwa maana ya dirisha katika kompyuta si ile aionayo mtumiaji. Mfumo una mamia ya vitu viitwavyo madirisha, vingi vyao havionekani kamwe, na kisaidizi sharti kivichuje.

Kosa lililo wazi zaidi ni madirisha ya ghaibu. Katika Windows 10 na 11, programu za namna mpya kama Settings na Calculator huweza kulazwa na mfumo badala ya kufungwa, na dirisha lake likabaki hai ingawa limefichwa. Kisaidizi cha zamani, kilichotungwa kabla desturi hiyo haijaanza, huliuliza dirisha kama lipo, hujibiwa kwamba lipo, nacho hulitia katika orodha. Nawe huchagua Settings ambayo hukuifungua, ukaletewa mahali patupu. Kisaidizi kilichosasishwa hujua kuuliza swali la ziada, kama dirisha limefichwa. Lakini mfumo huyaficha kwa njia hiyohiyo madirisha yaliyo katika maeneo mengine ya kazi, na kwa hiyo mtengenezaji asiye makini, akiyaondoa ya ghaibu, huondoa pamoja nayo madirisha yako halali yaliyo katika eneo la pili. Ukiona kisaidizi kimeacha kuonyesha mizuka baada ya kusasishwa, nacho papo hapo kimeanza kupoteza madirisha ya kweli, sababu yumkini ndiyo hii. Tafuta katika mipangilio yake sehemu ihusuyo maeneo ya kazi, na isipokuwapo, ukae na eneo moja la kazi au ubadilishe kisaidizi.

Kosa jingine si kosa hasa, bali ni tofauti ya matarajio. Hadi Excel 2010 vitabu vyote vya hesabu vilikaa ndani ya dirisha kubwa moja, na tangu Excel 2013 kila kitabu kina dirisha lake. Kurasa za kivinjari, kwa upande wake, zimekaa ndani ya dirisha moja, na visaidizi vingi haviwezi kuzitaja. Kwa hiyo mtu hulalamika kwamba kisaidizi chake kinaiona Excel mara nne na hakioni ukurasa wa benki hata mara moja, ilhali kimeeleza hali ya mambo kama ilivyo. Anayetaka ukurasa wa benki uhesabiwe peke yake na autoe katika kivinjari kwa kuuburuta nje, uwe dirisha kamili. Na ndani ya kivinjari Ctrl na Tab humpitisha kurasa zake zote.

Halafu uko utaratibu wa orodha. Mfumo huyapanga madirisha kwa kadiri yalivyotumika karibuni, hata kubonyeza Alt na Tab mara moja na kuachia hukurudisha ulikotoka. Mkono umezoea hivyo. Visaidizi vingine hupanga kwa alfabeti au kwa programu, na mtu huanza kuandika barua ya ofisi ndani ya dirisha la rafiki yake. Ikiwa kisaidizi chako kina mpangilio wa kufuata matumizi ya karibuni, uchague huo kabla ya kugusa kingine chochote.

Dirisha lisilokuja mbele

Umechagua dirisha, orodha imefungwa, lakini hukufika. Badala yake, alama ya programu uliyoichagua inamweka kwenye utepe wa chini ya kioo. Hii ni kazi ya tatu kushindwa, na sababu yake ina umri. Tangu Windows 98 na Windows 2000, mfumo hauruhusu programu yoyote ijitokezee tu mbele ya mtu aliye katika kuandika, kwa kuwa zamani programu zilizoea kujitupa mbele na kumeza herufi zilizokusudiwa kwingine. Programu iliyopokea kitufe cha mwisho hupewa ruhusa. Isiyokipokea humweka tu na kungoja. Kisaidizi kikikipata kitufe kwa njia ya mzunguko, mfumo huweza kukihesabu miongoni mwa wasio na ruhusa.

Utasikia ushauri wa kwenda Registry, mahali mipangilio ya ndani ya Windows inapohifadhiwa, na kuigeuza thamani iitwayo ForegroundLockTimeout, ambayo kwa desturi ni milisekunde 200000, ikawa sifuri. Usiufuate kwa pupa. Kufanya hivyo ni kuiondoa kinga yenyewe, na programu yoyote itaweza kujitokeza katikati ya neno lako la siri. Jaribu kwanza kusasisha kisaidizi, kwani watengenezaji wengi wamekwisha kupata njia ya halali ya kuomba ruhusa hiyo.

Hitilafu ya karibu na hiyo ni dirisha linalokuja mbele lakini halikubali kuguswa; ukilibofya, kompyuta hulia tu. Hapo kuna kisanduku cha swali, pengine cha kuuliza kama uhifadhi waraka, ambacho ni mali ya dirisha hilo na kimejificha nyuma. Orodha ya mfumo hujua kukileta kisanduku pamoja na mwenyewe. Kisaidizi kisichojua hulileta dirisha kuu peke yake, nawe huhukumu kwamba programu imeganda, ukaifunga kwa nguvu na kupoteza kazi yako. Kabla hujafunga lolote kwa nguvu, kizime kisaidizi, upitie kwa Alt na Tab za mfumo, au ulipunguze dirisha kubwa lililo mbele utazame kilicho nyuma yake.

Kwa mwenye Mac

Katika Mac, malalamiko huanzia katika desturi ya mfumo: Command na Tab huhama kati ya programu, si kati ya madirisha, na kuhama kati ya madirisha ya programu moja hufanywa kwa Command na kitufe kilicho juu ya Tab katika kibodi za Kimarekani. Anayetoka Windows hufadhaika akichagua programu ambayo dirisha lake limepunguzwa, kwani menyu hubadilika na dirisha lisije. Siri yake ni kuishikilia Option kabla ya kuiachia Command, na dirisha litarudi. Na ukiwa ungali umeishika Command, mshale wa chini hukuonyesha madirisha yote ya programu uliyoichagua.

Asiyetoshwa na hayo hutumia AltTab, Witch au Contexts, na karibu matatizo yote ya visaidizi hivi ni ya idhini. Ili kuyasogeza madirisha ya wengine, kisaidizi huhitaji ruhusa ya Accessibility. Na tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, ili kionyeshe picha za madirisha huhitaji pia ruhusa ya kurekodi skrini. Orodha ikija bila picha, tazama ruhusa hii ya pili. Kitendawili kinachowashinda wengi ni pale alama ya ruhusa inapoonekana imewekwa, na kisaidizi bado hakifanyi kazi baada ya kusasishwa: mfumo umeikumbuka programu ya jana, na hii ya leo imeihesabu kuwa ngeni. Ingia Privacy & Security katika System Settings, ukiondoe kisaidizi katika orodha kwa alama ya kutoa, usitosheke na kukizima tu, kisha ukiongeze upya na kukiwasha tena. Na tangu macOS Sequoia ya mwaka 2024, mfumo hukuuliza mara kwa mara kama ungali unairuhusu programu irekodi skrini. Si ugonjwa, ni ukumbusho.

Ikiwa kitufe hakinaswi pindi tu unapoandika neno la siri, huo ni ulinzi wa makusudi. Lakini ikiwa hakinaswi mahali popote, angalia kama Terminal imewashiwa Secure Keyboard Entry, kwani mpangilio huo huwanyima wasikilizaji wengine vitufe.

Kwa mwenye Linux

Mazingira ya GNOME, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2011, nayo huhama kati ya programu badala ya madirisha, na wengi hukimbilia kiendelezi, yaani kisaidizi kinachoongezwa ndani ya GNOME. Kwanza fungua Settings, sehemu ya Keyboard, uvipe Alt na Tab kazi iitwayo Switch windows; wengi watakuwa wamemaliza haja yao hapo. Mwenye mazingira ya KDE ana ukurasa mzima wa Task Switcher ndani ya mfumo, hana haja ya kutoka nje.

Anayeshikilia kiendelezi ajue mambo mawili. La kwanza, GNOME hutoa toleo jipya kila Machi na Septemba, na kila kiendelezi hutaja matoleo kinayoyakubali; GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadilisha namna viendelezi vinavyoandikwa, na vyote vilivyokuwapo vililazimika kurekebishwa. Basi kabla ya kuhamia toleo jipya, hakikisha kiendelezi chako kimefika huko. La pili, kiendelezi huishi ndani ya GNOME Shell yenyewe. Kikianguka, chaweza kuiangusha pamoja nacho, na katika Wayland, utaratibu mpya wa kuonyesha madirisha katika Linux, anguko hilo humaliza kikao chako na programu zote zilizo wazi. Ndani ya programu iitwayo Extensions kuna swichi ya kuvizima vyote kwa pamoja; anzia hapo kila unapochunguza. Na skripti za wmctrl au xdotool zilizokutumikia miaka mingi katika X11, utaratibu wa zamani, haziwezi kuyaona madirisha ya Wayland, kwa kuwa Wayland kwa msingi wake hairuhusu programu moja ichungulie madirisha ya nyingine.

Utaratibu wa kuchunguza

Likitokea tatizo usilolitambua katika hayo yaliyotangulia, fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine, wala usibadilishe mambo mawili kwa mara moja.

1. Kizime kisaidizi kabisa kutoka katika ikoni yake, si kufunga dirisha lake tu, kisha ujaribu vitufe vya mfumo. Tatizo likibaki, kisaidizi hakihusiki, na hima uelekeze macho kwingine.
2. Kiwashe tena na ujiulize ni kazi ipi kati ya tatu iliyoshindwa: kunasa, kuorodhesha, au kuleta mbele.
3. Kipe kitufe kingine kisichotumika. Kikifanya kazi kwa kitufe kipya, ugomvi ulikuwa wa kitufe. Mtafute mshindani wake.
4. Zima picha, vivuli na mwendo. Wepesi ukirudi, kompyuta ilikuwa imeelemewa.
5. Tazama ruhusa zake, na tarehe ya toleo lake. Kisaidizi ambacho toleo lake la mwisho limetangulia mfumo wako kwa miaka mingi hakina budi kubadilishwa, hata kama ulikipenda.

Hadhari katika kuchagua

Maadamu programu hii hupokea vitufe vyote, yaweza pia kuviandika mahali: neno la siri la barua pepe, namba za benki, ujumbe wa faragha, na yenye ruhusa ya kurekodi skrini yaweza kuona kila kilicho mbele yako. Hivyo usikichukue kisaidizi kutoka katika flashi ya jirani, wala kutoka katika tovuti inayokusanya programu za watu na kuzifunga upya pamoja na matangazo. Kichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, au katika duka la mfumo wako. Kipe upendeleo kile ambacho msimbo wake uko wazi na husasishwa. Na katika kompyuta ya ofisi omba kwanza idhini ya wahusika wa mitambo, maana lawama ya neno la siri lililovuja itakuangukia wewe uliyekiweka.

Weka kimoja tu. Kabla ya kukiweka, jua namna ya kukiondoa na namna ya kukizuia kisijiwashe pamoja na kompyuta; na ukibadilisha thamani yoyote ya mfumo kwa ajili yake, andika ile ya zamani katika karatasi, ili anayekuja baada yako asirithi hitilafu isiyo na maelezo.

Kisha, baada ya uchunguzi wote, jiulize ulikitakia nini. Mwenye madirisha arobaini kila siku, anayetafuta kwa kuandika sehemu ya jina, ana haja ya kweli, na taabu ya kukitunza kisaidizi humlipa. Lakini yule ambaye haja yake ni kurudi katika kitabu kimoja cha hesabu na ukurasa mmoja wa benki, na aibandike Excel katika nafasi ya kwanza ya utepe na kivinjari katika ya pili, abonyeze kitufe cha Windows na 1 au 2, na kisaidizi akiondoe leo.